Siku Niliyogeuka Mtaalamu wa Tabianchi

Jamani, hii aibu naisimulia mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu naona huko mitaani imeshaongezwa chumvi mpaka imekuwa chungu. Juzi kuna mtu kanisimulia mimi mwenyewe, bila kujua ndiye mimi, kwamba eti nilianguka kutoka juu ya paa nikiwa nimeshika jogoo mkononi. Sikuanguka. Na jogoo alikuwa chini, tena hai. Ila hayo mengine mliyosikia ni ya kweli, na kama umewahi kupita sokoni Kashaulili ukasikia mtu anaitwa "Tabianchi!" halafu akageuka bwana mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, basi umeniona. Jina langu la ubatizo ni Desderi, lakini siku hizi nadhani hata padri ameshalisahau.

Kazi yangu ni ufundi redio. Nina kibanda, meza moja, na redio nyingi zinazoongea kwa wakati mmoja, maana redio ukishaitengeneza lazima uiache iseme muda mrefu uone kama itakata. Kwa hiyo mimi nasikia taarifa ya habari kuliko mtu yeyote Mpanda, na huko kusikia sana ndiko kulikonifanya niwe mbishi. Hakuna kitu kilichokuwa kinanikera kama hili neno tabianchi. Mvua ikizidi, ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua ikichelewa, tabianchi. Upepo, jua, baridi ya asubuhi, nyanya kuoza, tabianchi! Sisemi hali ya hewa haibadiliki (sikilizeni vizuri, maana nyie watu mnapenda kunilisha maneno), nilichokuwa nasema ni kwamba hawa watangazaji wamepata neno moja wanalitia kwenye kila habari kama mpishi mvivu anavyotia nyanya kwenye kila mboga. Maji yalipoingia sokoni yakabeba viatu vya mitumba, redio ikasema tabianchi, wataalamu wanasema. Na mimi nilikuwepo! Mtaro ulikuwa umejaa maganda ya mihogo na chupa za plastiki, ungeweza kutembea juu yake na viatu vya kanisani. Mbona hakuna mwandishi hata mmoja aliyekuja kuinama akaangalia mtaro? Na hao wataalamu ni akina nani, hawana majina, hawana kwao?

"Mtaalamu gani?" ndiyo ilikuwa kauli yangu. Redio ikisema tu wataalamu wanasema, mimi nainua solda yangu ya kuunganishia nyaya juu na kuuliza kwa sauti, "Mtaalamu gani?" na soko zima linacheka. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mpinzani wangu alikuwa Shabani, muuza dagaa wa kibanda cha pili, mzaliwa wa Ikola kule ziwani. Yeye alikuwa hachezi na hilo suala.

"Desi, ziwa limemeza mchanga wote tuliokuwa tunaanikia dagaa," ananiambia. "Nyumba ya mjomba iko ndani ya maji, samaki wanaingia kwa mlango. Huo nao ni mtaro?"

"Ziwa linapanda na kushuka toka enzi za babu yako."

"Babu yangu angekuwepo hapa angekuzaba kibao."

Na tunakwenda hivyo hivyo mpaka mteja aje atuamue. Ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, Shabani, na mtaona alivyonifanyia.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana bila yeye habari hii haina kichwa. Mama mkwe wangu anaishi Kasokola, nje ya mji, mjane, analima mahindi na karanga, na ni mwanamke ambaye nampenda na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Nilipokwenda kumposa mke wangu Gaudensia nilimkuta mama ana redio mbovu, nikamwambia, Mama, hii naondoka nayo leo, kesho inaongea. Ile kesho ilifika binti yetu Paulina akiwa ameshaanza kutembea. Mama aliipokea redio yake, akaiwasha, ikaongea, akaizima, akasema, "Asante, fundi." Tangu siku hiyo mimi ni fundi. Wakwe zake wengine wote anawaita baba, karibu baba, kula baba, baba hujambo. Mimi fundi, kana kwamba nimekuja kurekebisha kitu na nitaondoka.

Halafu kuna suala la firigisi. Kwa mama mkwe kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba, na kwa kuwa baba mkwe alishatangulia mbele za haki, inakwenda kwa yule ambaye mama mwenyewe amemkubali moyoni. Hatangazi. Anaiweka tu kwenye sahani yako, ukifunua unaiona, na hakuna anayesema lolote ila wote wameona. Mimi miaka yote nimefunua sahani nikakuta kipapatio. Kipapatio, jamani! Ni nyama ya mgeni, nyama ya mtu wa kupita. Kuna mwaka firigisi alipewa bwana mifugo aliyekuja kuchanja mbuzi, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, na yule bwana akaitafuna huku akiongelea minyoo. Gaudensia aliniambia tukiwa njiani kurudi, "Baba Paulina, usijali, ni nyama tu." Lakini alikuwa ananishika mkono, na mke wangu hanishiki mkono njiani hivi hivi.

Ndiyo maana wanawe walipochanga wakamnunulia mama mabati atoe nyasi, nikasema hapana fundi wa kulipwa, naezeka mwenyewe. Gaudensia akaniuliza, "Wewe na paa mnajuana?" Nikamwambia fundi ni fundi. (Msicheke bado.)

Na kwa kweli nilianza vizuri. Upande wa mbele nilipigilia sawasawa, msumari na kipira chake, hata majirani walisifia. Upande wa nyuma, ule unaotazama mihogo, nikiwa nimefika katikati, misumari ikaisha. Kuishiwa misumari si dhambi. Duka la misumari liko mjini, unakwenda, unarudi, unamaliza kabla jua halijazama. Sasa, siku hiyo ilikuwa siku ya ile mechi ya watani wa jadi, na mimi kama kawaida yangu nilikuwa na kiredio kidogo kwenye mfuko wa shati, na mtangazaji alikuwa ameanza kutaja majina ya wachezaji mmoja mmoja kwa ile sauti yao ya kuvuta. Nikatazama chini nikaona mawe ya msingi yaliyobaki. Nikajisemea, mawe haya yatashikilia kwa sasa, Jumamosi nitarudi na misumari. Nikayapandisha, nikayapanga mstari mzuri, na kwa chini huyaoni.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Kwake mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni ovyo, sembuse mkwe akiwa juu ya paa, kwa hiyo alikuwa amejifunika khanga kichwani, ameelekea ukutani, akauliza kwa upole, "Fundi, umemaliza?"

Hapo ndipo mkasa wangu ulipozaliwa. Ningesema bado Mama, misumari imeisha, leo ningekuwa naitwa Desderi. Lakini mpira ulikuwa umeshaanza.

"Tayari, Mama!"

Akasema akiwa bado anautazama ukuta, "Haya. Mvua ya kwanza ikipita salama, uje Jumapili tumchinje yule jogoo mwekundu." Nilishuka ngazi nikiwa sisikii tena hata mpira. Jogoo mzima, na paa nimeezeka mimi, sahani ya nani nyingine hiyo firigisi ingekwenda?

Jumamosi ikafika kukawa na kazi nyingi. Jumamosi nyingine kulikuwa na harusi. Nyingine sikumbuki kulikuwa na nini, ila kulikuwa na kitu.

Mvua ya kwanza msimu huu haikupiga hodi. Ilikuja mchana, upepo ukiwa mbele, na hapa mjini ilitikisa mabati ya soko tu ikapita, mimi nikaendelea na kazi. Halafu simu ikaita, ni Gaudensia.

"Baba Paulina, paa la mama limeondoka."

"Limeondoka kwenda wapi?"

"Kwenye karanga za jirani."

Mama alikuwa salama, ashukuriwe Mungu, alikuwa nyumba ya pili kwenye sala za jumuiya, hakuguswa hata ukucha. Niliposikia hivyo nilikaa chini kabisa sakafuni, kwa sababu kwa sekunde chache nilikuwa nimeona mambo mengine ambayo sitaki kuyasema. Halafu nilipojua yuko salama, moyo wangu, badala ya kutulia, ukaanza kuwaza firigisi. Hivyo ndivyo nilivyo, siwezi kuwadanganya.

Shabani alifunga dagaa wake, akanipakia kwenye pikipiki yake, na njia nzima, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba nikute na mapaa ya watu wengine yameondoka. Si mengi. Mawili matatu ya majirani, bila mtu kuumia. Tulipoingia Kasokola nikaanza kutazama kulia na kushoto. Paa lipo. Paa lipo. Paa lipo. Hata banda la kuku la jirani, lenye nyasi za mwaka juzi, lilikuwa limesimama, na kuku mmoja ametoa kichwa anatutazama.

Kwa mama upepo ulikuwa umeingilia nyuma ukabeba na upande wa mbele, na uwanjani watu walikuwa wamejaa, wengine mikono kiunoni, wengine wameshatoa simu wanapiga picha. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na vyombo vyake vilivyolowa, ametulia tuli, na kutulia kwake kuliniumiza kuliko angepiga kelele. Sikuweza kumtazama. Na kabla sijasema hata pole, akanijia binti mmoja mwenye kinasa sauti na buti zilizojaa tope, akajitambulisha, anaitwa Neema, mwandishi wa redio, alikuwa ametoka kurekodi habari za wakulima akaona watu akasimama.

"Kaka shikamoo, wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni mkwe." Umati wote ukageuka.

"Mkwe, tueleze basi, unadhani ni nini kimesababisha paa hili kuezuliwa?"

Jamani. Kinasa sauti kiko chini ya kidevu changu, mama mkwe yuko nyuma yangu, nikajisikia mdomo unafunguka wenyewe.

"Hii," nikasema, "ni mabadiliko ya tabianchi."

Shabani alikohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Mimi ningeishia hapo, lakini mtu akishaanza kuzama anapiga mikono. Maneno yote niliyoyasikia kwenye zile redio, yale niliyokuwa nayacheka, yakaanza kutoka kwa mpangilio mzuri kabisa, kumbe nilikuwa nimeyakariri! Nikasema hewa ya ukaa. Nikasema ukataji holela wa miti na uchomaji wa mkaa. Nikasema hata viboko kule mbugani wanagombania tope msimu wa kiangazi, sasa kama kiboko anateseka, bati ni nini? Nikasema jamii inapaswa kuchukua hatua stahiki. Hatua stahiki! Mimi, niliyemwachia mama wa watu mawe juu ya kichwa chake.

Neema macho yalimng'aa. "Umeeleza vizuri sana, kaka. Wewe ni mtaalamu?"

Ningeweza kusema hapana.

"Kidogo," nikasema. "Nashughulika na mambo ya redio, mawasiliano na vitu kama hivyo."

Akaandika, pamoja na jina langu. Mimi nikaaga haraka, nikasema naenda kukusanya mabati, nikakimbilia kwenye karanga za jirani nikijifanya nina kazi nyingi. Nikiwa kule nimeinama nilimwona Neema kwa mbali anazunguka nyuma ya nyumba, kisha amechuchumaa mbele ya kigoda cha mama, wanaongea. Sikusikia. Nikajiambia anampa pole tu.

Jioni mama tulimchukua tukarudi naye kwetu mjini. Shabani aliponishusha nyumbani alizima pikipiki, akaniinamia sikioni akaniuliza taratibu, kwa upole kabisa, "Mtaalamu gani?"

Siku iliyofuata nilifika kazini mapema nikiwa na mpango mmoja tu, taarifa ya habari ya mchana isisikike Kashaulili. Redio zote za mezani nilizihamishia kwenye muziki. Mama muuza mchele wa Mpimbwe ana redio kubwa, nikamwendea nikamwambia naona inakwaruza, niachie niiangalie, akaniambia mbona haikwaruzi, nikamwambia itakwaruza. Nikaichukua. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimemaliza, na saa saba ilipokaribia nikamwona mke wangu anakuja na hotipoti ya chakula cha mchana, na nyuma yake, kwa mwendo wake wa taratibu, khanga safi, mama mkwe. Amechoka kukaa ndani, amesema aje aone mahali mkwe wake anapofanyia kazi. Hakuwahi kufika pale tangu nimuoe binti yake. Nilitoa kiti, nikakipangusa kwa shati langu.

Ndipo nikasikia ule muziki wa kuingilia taarifa ya habari, mkubwa, safi, haukwaruzi hata kidogo, unatoka kibanda cha pili. Ilikuwa redio ya Shabani. Nilikuwa nimemtengenezea mwenyewe wiki iliyopita, nikambadilishia spika, na kwa kuwa ni rafiki nilikuwa nimeifanya kazi ile kwa moyo wote (katika maisha yangu sijawahi kutengeneza redio vizuri namna ile), na alikuwa ameipandisha juu ya gunia la dagaa, ameielekeza sokoni, amefungulia mpaka mwisho. Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Alikuwa amewaambia tangu asubuhi, yule!

Sauti ya Neema ikaanza. Kaya moja Kasokola yapoteza paa. "Wataalamu wanasema," akasema, na mimi nikaona soko zima linageuka kunitazama kwa mazoea, wanasubiri niulize swali langu, "wataalamu wanasema chanzo ni mabadiliko ya tabianchi, kama anavyoeleza mtaalamu wa masuala ya mawasiliano, Bwana Desderi."

Halafu ikaja sauti yangu. Hewa ya ukaa, viboko, hatua stahiki, yote. Kuna mtu aliweka kikapu chini ili apate kucheka vizuri. Shabani alikuwa ameshikilia nguzo ya kibanda. Muuza mchele akapaza sauti, "Mtaalamu gani?" na soko lote kwa pamoja, hata wale wa nguo ambao huwa hawanijui, wakanyoosha vidole, "Yulee!"

Ningeweza kuvumilia hayo. Wallahi, na mimi ni Mkatoliki, ningevumilia. Lakini taarifa haikuishia hapo, Neema akaendelea, akasema alipozunguka nyuma ya nyumba alikuta mawe yamelala chini kwa mstari, akamuuliza mwenye nyumba. Na ikaingia sauti ya mama mkwe, ileile ya taratibu, huku mama mwenyewe amekaa hapo kwenye kiti nilichokipangusa.

"Mawe ndiyo yalikuwa yanashika bati, mwanangu. Mimi nilidhani ni misumari."

"Mama, mtaalamu anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Wewe unalionaje?"

"Mvua za siku hizi zimebadilika, hilo nakubali, sisi wakulima tunaliona. Zamani tulikuwa tunajua lini tushike jembe, sasa unapanda, jua linaua, unapanda tena. Hilo ni kweli kabisa, walitangaze tu. Lakini hili paa langu, mbona banda la kuku la jirani lipo?" Halafu akasema, "Tabia ya nchi siijui vizuri, mwanangu. Ninayoijua ni tabia ya mkwe wangu, na hiyo haijabadilika."

Hicho kicheko sijui nikieleze vipi. Kuna watu walikaa chini. Gaudensia, mke wangu wa ndoa takatifu, alifunika uso kwa upande wa khanga na nikaona mabega yanatikisika. Na mimi nilisimama pale nimeshika kifuniko cha hotipoti, nikawaza jambo moja tu, kwamba miaka yote nilikuwa nalalamika mbona waandishi hawaendi kuangalia mtaro. Sasa huyu binti ameenda, ameinama, ameangalia. Mtaro ulikuwa mimi.

Nikamgeukia mama. Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Alikuwa anatazama pembeni kama desturi, lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa inacheza.

"Fundi," akasema, "kula. Chakula kinapoa."

Nikapiga magoti pale pale, mbele ya muuza mchele na watu wote wa nguo, nikasema, "Mama, nisamehe. Misumari iliisha nikakuambia tayari. Ungekuwa ndani..." Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza, kweli kweli, nilikuwa nimecheza na nini kwa ajili ya mpira na nyama ya kuku. Kicheko kikaisha sokoni. Mama akanyoosha mkono, akanirekebishia miwani ambayo ilikuwa imeteleza puani, kitu ambacho mama mkwe hamfanyii mkwe wake, akasema tu, "Twende ukapigilie."

Tukaenda. Shabani akafunga kibanda tena, tukapita dukani, nikanunua misumari mingi mpaka muuzaji akauliza kama najenga kanisa. Safari hii mama hakuelekea ukutani. Aliweka kigoda katikati ya uwanja, akainua uso, akaniangalia mchana kweupe, desturi itatusamehe. "Pale bado," anasema. "Na pale." Nikisema tayari, anasema, "Gonga nisikie." Nagonga. Mabati mengine yalikuwa yamepinda, tuliyanyoosha kwa nyundo, leo ukiliangalia lile paa lina mawimbi yasiyo ya kiwandani, lakini limekaa. Vipira vikaisha nikiwa nimebakiza kipande kidogo, kulekule nyuma upande wa mihogo, palepale niliposhindwa mwanzo. Shabani akasema nikuletee vya mjini? Nikasema hapana. Nikavua kandambili zangu nikazikatakata vipira, nikapigilia mpaka msumari wa mwisho, nikashuka ngazi peku peku.

"Mama," nikasema, na safari hii niliogopa hata kulitamka hilo neno, "nimemaliza."

Akazunguka nyumba nzima. Akarudi, akaingia jikoni, na baadaye nikasikia jogoo mwekundu analalamika, halafu halalamiki tena.

Tulikula tumekaa mkekani, mimi, Shabani na Gaudensia. Sahani yangu ilikuja imefunikwa. Nilikaa nayo magotini muda, Gaudensia akanigusa na kiwiko, "Funua basi." Nikafunua. Ilikuwemo. Firigisi, jamani, naapa, juu ya ugali, na mchuzi wake. Nikaisogelea vizuri kwa miwani yangu hii, nikaona imekatwa kwa kisu, safi kabisa, katikati.

Nikatazama jikoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika khanga, anautazama ukuta.

"Nusu nyingine," akasema, "mvua zikiisha."

Niliila taratibu sana ile nusu. Shabani aliyepewa mnofu wa paja alikuwa ananionea wivu, nilimwona.

Kwa hiyo nawaambia hivi, nimeapa sitasema tena tayari nikiwa juu ya paa la mtu, na mechi ikiwepo sipandi kabisa, hata iwe ngazi ya kuwekea balbu. Kuhusu redio, bado ni mbishi. Wakisema wataalamu wanasema, bado nauliza mtaalamu gani, ila sasa watu wananijibu. Na Shabani nimemwambia kuhusu ziwa la kwao nitakwenda Ikola nikaone mwenyewe, niiname niangalie, kabla sijafungua mdomo tena.

Msimu wenyewe haujaisha ninavyowasimulia. Upepo ukianza kutikisa mabati ya soko naweka solda chini, sisikii tena hata redio moja, nasikiliza upande wa Kasokola. Halafu mvua ikishapita simu inaita, ni mama, na siku hizi hata salamu hasubiri.

"Lipo, baba," ananiambia, na kukata.